Kidaka cha Ukuta wa Kaskazini

Mwaka juzi nilipita Mahajanga, bandari ya Wamalagasi, nikaingia katika kanisa kuu na kumkuta kijana anawatembeza wageni. Alipofika kwenye kidaka cha ukuta wa kaskazini, kile chenye sanamu ya Mtakatifu Yosefu, aliwaambia kwamba tao lake lilichorwa na msanifu Mfaransa aliyependa majengo ya Waarabu. Wageni wakapiga picha. Nilinyamaza, maana nimezeeka na sipendi kubishana ndani ya nyumba ya ibada ya watu. Lakini msanifu huyo hakuwahi kuwapo. Tao lile alilichonga baba yangu mdogo, tena kwa kukosea.

Sisi ni watu wa asili ya Ngazija, na mimi nilizaliwa Mahajanga. Nyumbani tulisema Kingazija, nje Kimalagasi, na kwa mapadri Kifaransa cha kuokoteza. Babu alikuwa mwashi, baba akawa mwashi, na baba mdogo, kitinda mimba wao, akafuata. Waislamu watatu, na kanisa lile lilipita mikononi mwao wote. Halikuwa jambo la ajabu. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha urefu wa mkono tangu begani hadi vidoleni, na walioijua kazi hiyo ni wale wale waliojenga misikiti. Babu alipenda kusema kwamba Wafaransa walileta ramani na kengele, vingine vyote vilitoka baharini pale pale.

Nilipokuwa mtoto, kimbunga kilibomoa kipande cha ukuta wa kaskazini. Baba na nduguye wakaitwa waujenge upya na waache ndani yake kidaka kikubwa cha kuwekea sanamu. Baba alijenga ukuta, kidaka akamwachia nduguye. Padri alitaka tao la mviringo, kama la madirisha. Sasa, baba mdogo alikuwa amezoea kidaka cha aina moja tu chenye ukubwa wa kuingia mtu: mihrabu, pale anaposimama imamu msikitini. Mkono ukaenda ulikozoea. Tao likachongoka juu, na ukingoni akalitia vijipinde saba. Isitoshe, ukuta wenyewe ulielekea kibla, maana kwetu Makka iko kaskazini.

Baba alipokuja kukagua alishika kichwa. "Umewajengea Wakristo msikiti!" Padri wa wakati huo alicheka mpaka akakaa chini, akasema Yosefu naye alikuwa fundi, hatakasirika. Kidaka kikabaki. Tangu siku hiyo baba aliiita sanamu ile "fundi mwenzetu", na kila alipogombana na nduguye alimtishia kwamba iko siku atalinyoosha lile tao lake la aibu.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita mji ulitugeukia sisi Wangazija. Sitaeleza mengi. Jirani yetu Msakalava, mwenyeji wa pale, alituficha kwake siku tatu. Baba mdogo alitoka asubuhi moja kufuata vifaa vyake alikoviacha kazini, hakurudi. Hatukupata mwili, wala kaburi, wala mtu wa kutuambia alimwona wapi. Wenzetu wengi walipandishwa vyombo kupelekwa Komoro. Sisi tulikwenda kisiwa cha Nosy Be, kwa kuwa mama alikuwa mtu wa Ambanoro, kijiji cha huko. Baba aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena Mahajanga. Na akakataa jambo jingine: nduguye asisaliwe sala ya maiti.

Mwaka wa kwanza watu walimwelewa. Wa pili na wa tatu shangazi zangu walianza kunung'unika, kwamba marehemu ana haki yake. Baba alijibu neno moja, "Sijamwona." Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Mtu asiyesaliwa ni kama yuko njiani, na sisi tulikaa naye huko njiani miaka mitano.

Ndipo ilipokuja barua, kwa mkono wa mtawa aliyefika Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa. Wakati huo nilikuwa mwanamke mzima, nadarizi vitambaa vya meza vya kuuza. Nilimsomea baba, nikitafsiri Kifaransa sentensi kwa sentensi. Padri mpya wa Mahajanga aliandika kwamba ukuta wa kaskazini unatoka maji na lipu inaanguka. Fundi mmoja alikuwa ameupaka saruji, hali ikazidi kuharibika. Sasa walifikiria kuziba kidaka na kuuvika ukuta wote saruji. Aliuliza kama yule fundi mzee wa chokaa bado yu hai.

Baba alikwenda kutawadha, akasali alasiri, akarudi. "Soma tena pale pa kuziba."

Nikasoma.

"Saruji," alisema, kama anayetaja ugonjwa. "Ukuta wa chokaa unapumua, mwanangu. Ukiuziba pumzi, unaoza ndani kwa ndani." Kesho yake nilimkuta anasugua kutu kwenye vifaa vyake.

Tulikwenda pamoja wakati wa kiangazi, mimi nikiwa ulimi wake wa Kifaransa. Kutoka bandarini hadi kanisani alitembea bila kutazama kushoto wala kulia. Kazi ilikwenda polepole. Vibarua Wasakalava hawakugusa kazi Jumanne, ni fady, mwiko wao tangu mababu. Ijumaa ilikuwa yetu, Jumapili ya padri. Padri alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha nne, na uso ukamshuka. Baba akaniambia nimweleze kwamba haraka haraka haina baraka. Nilimweleza. Hakufurahi.

Walibandua saruji yote, wakauacha ukuta ukauke majuma kadhaa, kisha baba akapanda kwenye kidaka. Vijipinde vitano kati ya saba vilikuwa vimeanguka. Padri alitazama, akasema kwa adabu kwamba huenda ni heri: maadamu limevunjika, basi lijengwe tao la mviringo, lifanane na madirisha.

Ndilo hasa baba alilokuwa akitishia kulifanya miaka yote. Nikatafsiri. Alipitisha vidole juu ya vijipinde viwili vilivyosalia, kimoja kimoja.

"Mwambie sijui kuchonga tao jingine."

Baba, aliyekuwa amejenga matao ya mviringo nusu ya mji ule! Sikuwahi kumsikia akisema uongo juu ya kazi. Nikautafsiri kama ulivyo, padri akainua mabega.

Kuchonga kulichukua siku tisa. Baba mdogo alitumia mkono wa kushoto, hivyo vijipinde vyake vililalia upande mmoja. Siku ya kwanza baba alichonga kwa mkono wa kulia, akatazama, akakwangua vyote. Siku ya pili alihamishia kisu mkono wa kushoto. Alijikata mara mbili, akalaani, akaendelea. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Siku ya mwisho sanamu ilikuwa bado imelazwa uani juu ya jamvi, na kidaka ni kitupu. Baba alitawadha bombani, akavua viatu, akasimama mbele ya kile kidaka.

"Simama nyuma yangu," aliniambia.

Nikajifunika kichwa. Akainua mikono na kumtaja nduguye kwa jina, jina ambalo sikulisikia kinywani mwake kwa miaka mitano. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida, ni kusimama tu. Padri, aliyeingia kwa mlango wa pembeni, aliona mzee na binti yake wakikagua ukuta, akaniuliza kwa ishara kama chokaa imekauka. Sikuweza kumjibu. Tulikuwa kwenye takbira ya tatu, pale anapoombewa maiti mwenyewe.

Baba alitoa salamu, akapangusa uso kwa kanzu yake yenye chokaa.

"Mwambie tumemaliza," alisema. "Sasa anaweza kumrudisha fundi mwenzetu."