Geti Langu na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kwa mama mkwe wangu, kazi ni kitu kinachotoa jasho. Kukata majani ya ng'ombe ni kazi. Kushusha mikungu ya ndizi mpaka sokoni Kiboriloni ni kazi. Mimi nashinda ndani na kompyuta, kwa hiyo wifi yangu aliporudi na mzigo wa majani kichwani, mama alimpokea kwa sauti ya kunifikia dirishani: "Pole mwanangu. Bila wewe mji huu ungelala njaa." Iliniuma kuliko nilivyoonyesha, maana mimi ni mkaidi, sionyeshi.

Nikaapa kwamba atakubali tu kuwa nami nafanya kazi. Wakati huo nilikuwa natengeneza huduma ya simu ya kuwashauri wafugaji, majibu yakitoka kwa akili mnemba. Kampuni moja ya akili mnemba inaweza kukwama saa yoyote, kwa hiyo niliunganisha tatu nyuma ya geti moja. Swali linaingia getini, linapelekwa kampuni ya kwanza. Hiyo ikishindwa, geti linaigeukia ya pili. Mfugaji hatambui chochote. Hapo kwenye kutotambua ndipo nilipojisifu zaidi.

Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza maziwa. Jumapili, baada ya misa, nikamkabidhi simu mbele ya wenzake.

"Shikamoo mama, habari za mifugo?" simu ikasema.

Mama akaitikia marahaba, akalainika. Akaeleza habari za kiwele kilichovimba, chuchu ya nyuma iliyogoma kutoa maziwa, na jinsi ng'ombe alivyompiga teke. Alieleza vizuri mno. Akamaliza, akasubiri.

Kampuni ya kwanza ikakwama papo hapo. Geti likafanya nililolifundisha, likaruka kwenda ya pili.

"Hujambo mwanangu?" simu ikasema kwa uchangamfu. "Nikusaidie nini leo?"

Akina mama wakatazama chini. Mmoja akaziba mdomo kwa khanga.

"Huyu ni nani tena?" mama akaniuliza.

Nikamweleza kwamba nyuma ya geti wapo kadhaa, mmoja akizidiwa mwenzake anapokea.

"Na wewe ndiye umewaleta?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mshenga anayekuja kuposa huwaambia kwanza aliokuja nao nyumba ni ya nani na nani wa kuamkiwa. Wewe umeleta watu hawajui hata tumefika wapi." Akanirudishia simu kana kwamba ina kinyesi.

Nilipanda mlima hadi nyumbani nikiwa nimenuna. Nilimkasirikia yeye, kisha kampuni ya kwanza, na mwisho nikajikasirikia mwenyewe, maana nilikuwa nimesahau kuliambia geti liikabidhi ya pili yote yaliyokwisha kusemwa; lilikuwa linaiita tu. Nikalirekebisha. Nikaongeza maagizo ambayo kila kampuni ingepewa kabla ya kufungua mdomo: muamkie mkubwa, usimwite mwanangu, usiulize alichokwisha kusema.

Jumapili iliyofuata ilibidi nimbembeleze ajaribu tena. Alipofika katikati ya habari za kiwele, nikaikata kampuni ya kwanza kwa makusudi.

"Pole sana kwa teke, mama," ikasema ya pili. "Hiyo chuchu ya nyuma, ukiikamua inatoa mabonge? Kama ndiyo, mwite daktari wa mifugo leo."

Mama hakunisifu. Alimwita daktari.

Juzi mchana wifi aliniita kutoka bandani nikamsaidie kutua majani. Kabla sijaitika nikamsikia mama: "Mwache. Ana watu wake humo ndani anawafundisha adabu, na ni wabishi. Njoo nikutue mimi."

Machozi yalinilenga, sisemi uongo. Tatizo ni kwamba mpaka wifi anaita nilikuwa nimesinzia, shavu juu ya kompyuta. Nikainuka taratibu, nikaanza kubonyeza vitufe ovyo, kwa nguvu, ili asikie.