Nyumba Arobaini za Boma

Asajile wa Ndandalo alikuwa fundi wa nyumba za mianzi. Hakuwa mwepesi wa kazi. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza alikizunguka kiwanja siku nzima, akitazama maji ya mvua yanapita wapi na upepo unavuma kutoka upande gani. Kuta zake zilisimama wima, na katikati ya mianzi alipanga madonge ya udongo moja moja, kama shanga.

Masika ya mwaka 1912 mto Kiwira uliacha njia yake. Ulizoa mpunga, ukazoa nyumba thelathini na kitu, ukamzoa na Andrea, mume wa Neli. Neli alikuwa dada mkubwa wa Asajile, na baada ya msiba alihamia jikoni kwa mdogo wake pamoja na mwanawe Hezroni, kijana mwenye umri wa kuoa.

Mto ulipokwisha kupungua, Gideoni, karani wa boma la Wadachi waliotawala nchi wakati ule, alikusanya watu mbele ya kanisa. "Bwana mkubwa amewaonea huruma," alisema. "Kodi ya vibanda ya upande huu haitapelekwa bomani mwaka huu. Itabaki hapa hapa ijenge nyumba arobaini, kule kwenye mwinuko wa njia ya Ngana. Aliyepoteza nyumba atapewa nyumba. Atalipa kodi yake ya kila mwaka tu, kama kawaida."

Watu walipiga makofi. Wengine walilia, na Neli alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyewahi kusikia kodi ikirudi kwa aliyeitoa.

Asajile ndiye aliyepewa kazi. Gideoni alimkunjulia karatasi yenye mchoro: safu mbili za nyumba zikitazamana, barabara pana katikati, kila mlango ukielekea barabarani. Migomba yote ya nyuma ikatwe, hatua sitini.

"Karani, mlango wa nyuma uko wapi?" Asajile aliuliza. "Baba mkwe akipita barabarani, mke wa mwanawe atatokea wapi ili asionane naye? Unajua desturi yetu."

"Anayelipa ni boma. Jenga ulivyochorewa."

Alijenga. Miezi mitano alifunga fito na kukandika udongo, na kadiri safu zilivyorefuka ndivyo usingizi ulivyompungua. Siku ya mwisho Gideoni alileta vipande vya bati vyenye namba, akavipigilia kwenye miimo ya milango. Kisha akaja Mdachi kukagua. Hakuingia ndani ya nyumba hata moja. Alisimama mwisho wa barabara, akanyoosha kidole, akahesabu milango yote arobaini bila kusogeza mguu. "Safi," alisema.

Asajile alikuwa amesimama kando yake. Alitazama alikotazama yule bwana. Kutoka pale, hakuna mtu ambaye angeweza kutoka nyumbani kwake asionekane.

Jioni ile alimfuata dada yake. "Usihamie, dada. Kaa kwangu."

"Mwaka mzima nimelala jikoni kwa mkeo, mdogo wangu. Nyumba namba kumi na saba ina sakafu kavu. Unataka niikatae kwa ajili ya mlango?"

"Ile haikujengwa kama nyumba ya kukaa watu."

"Si umeijenga wewe?"

Kesho yake Neli na Hezroni walihamia namba kumi na saba.

Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilifika kwenye ziwa ambamo mto Kiwira unaishia. Wadachi walitaka wapagazi wa kubeba mizigo kuelekea mto Songwe, mpakani. Katika vijiji vya Ndandalo na Talatala wanaume walitokomea migombani, askari wakaambulia wachache. Kwenye nyumba za boma walikuja alfajiri, askari wawili upande huu wa barabara na wawili upande ule. Gideoni alisimama katikati na orodha yake, akasoma namba. Kila nyumba, mwanamume mmoja. Waliojaribu kukimbilia nyuma waligonga ukuta. Nyumba arobaini zilitoa watu thelathini na wanane. Namba kumi na saba ilimtoa Hezroni.

Miezi mitatu ilipita, wakarudi watatu tu. Hezroni hakuwamo, wala wale watatu hawakujua aliko.

Hapo Asajile alichukua panga lake, akaenda mwinukoni mchana kweupe. Alianza na ukuta wa nyuma wa namba kumi na saba. Alikata mianzi, akabomoa madonge aliyoyapanga mwenyewe, akaacha mlango. Akahamia namba kumi na sita. Wanawake walimtazama kwa hofu, kisha mmoja akaja kumshikia mianzi, na mwingine. Saa sita ilipofika, nyumba kumi na moja zilikuwa na milango miwili.

Gideoni alikuja na askari. "Umeharibu mali ya boma."

"Namalizia kazi, karani. Nilikuwa sijaimaliza."

Gideoni alisogea karibu, akashusha sauti. "Waliniambia niandike majina tu. Nilidhani ni ya kugawa nyumba."

"Sasa unajua."

 Karani aliwapa askari ishara.

Asajile alichapwa viboko ishirini na tano barabarani pale, kisha akatwishwa mzigo. Alibeba risasi na magunia ya mchele mpaka Wadachi walipoondoka, mwaka 1916. Alirudi bega la kulia likiwa limelegea, na kila kambi aliyopita alikuwa ameuliza habari za Hezroni. Hakuna aliyemjua.

Alikuta nyasi zimeota kwenye barabara ya mwinukoni. Watu wote walikuwa wameshuka tena kando ya mto. Neli alikuwa kwenye kibanda cha majani, akipepeta mpunga.

"Ugonile, dada," Asajile alimsalimu.

Neli aliuacha ungo, akamshika mikono yote miwili. Alitazama nyuma yake, njiani. Asajile alitikisa kichwa.

 Kisha aliutazama mto, akasema, "Huu mto utarudi hapa."

"Najua. Lakini kule sirudi."

Kesho yake Asajile alianza kumjengea nyumba. Mkono wake wa kulia haukupanda juu ya kifua, kwa hiyo Neli alishikilia mianzi naye akafunga kwa mkono wa kushoto. Ukuta ulitoka umepinda. Waliacha mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na udongo ulikuwa bado mbichi mawingu ya masika yalipofunga milima yote ya mashariki.