Mkwaruzo Chini ya Chupa

Siku ya kuonja, Pua hakusugua meno kwa dawa. Alisukutua kwa maji matupu, akala kipande cha mkate mkavu, na mkewe, aliyeyazoea mambo hayo kwa miaka ishirini na sita, hakukaanga kitunguu mpaka mume alipofika barabarani. Jina lake halisi lilikwisha kusahaulika hotelini. Walimwita Pua kwa sababu alitunza stoo ya mvinyo, na hakuna chupa ya thamani iliyopelekwa kwa wageni kabla hajainusa, kuionja na kutema, kisha kutia saini.

Asubuhi hiyo mambo mawili yalimkera. La kwanza ni pua yenyewe. Mafua yalimlaza wiki nzima mwezi uliopita, na tangu hapo jikoni kulinong'onwa kwamba mzee hatofautishi tena mvinyo na siki. La pili ni shemeji yake, kaka wa mkewe, dalali wa vinywaji. Hoteli ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na shemeji aliahidi kuleta chupa sita za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wa mwaka 1990, mwaka wa jua la kutosha, ambao wanywaji bado wanautaja kwa heshima. Kwa wiki mbili alikuwa mtamu kupita kiasi. Alipiga simu kila jioni kuulizia mafua. Alimletea dada yake kitambaa cha gauni. Mtu ambaye hakukumbuki ila akiwa na shida, akianza kukujulia hali kila siku, una haki ya kujiuliza anataka nini. Tena hotelini Pua alisema ni homa tu; kwamba pua ilikuwa imeziba alijua mkewe peke yake. Habari ilifikaje jikoni?

Saa nne walikutana watatu mle stoo: Pua, shemeji, na meneja, mama mkimya aliyekuwa akipandisha miwani kichwani kisha akaitafuta mezani. Meneja alisema wazi kwamba asingenunua chupa hata moja bila saini ya Pua, na kwamba kama pua yake imechoka, aseme leo, apumzike kwa heshima. Kwa hiyo Pua alijua kilichokuwa mezani. Akikosea, neno lake la miaka yote lilikuwa limekwisha.

"Chagua yoyote, shemeji," alisema dalali, huku akiisogeza ya kwanza.

Pua alichukua ya nne.

Lebo ilikuwa ya kweli, imefifia kama inavyopaswa. Lakini kizibo kilitoka kirahisi, kama mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo. Kizibo kilicholala na mvinyo zaidi ya miaka thelathini huwa kimelowa na kulainika. Hiki kilikuwa kikavu, na doa lake jembamba. Alimimina kidogo, akainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo ulikuwa wa rangi ya matofali, vizuri, ila katikati ilichungulia zambarau ya mvinyo mchanga. Alinusa akapata ngozi kuukuu na tumbaku, na nyuma yake, jamu. Alionja, akauzungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Mvinyo huo ulibisha hodi kwa adabu, lakini alipofungua hakukuwa na mtu.

"Vipi? Au mafua bado yamekubana?" shemeji aliuliza, na meneja akatabasamu kidogo.

Pua alisita. Labda jamu ilikuwa kwenye pua yake mwenyewe. Akaishika chupa amimine tena, safari hii kwa chini kama alivyofundishwa tangu ujana, kidole gumba kikaingia kwenye shimo la kitako cha chupa, palipobonyea ndani. Kidole kikakuta mkwaruzo.

Akanyanyua ya pili, ikawa nao. Na ya sita.

Mkwaruzo huo aliujua. Kila chupa ya thamani aliyoifungua, aliikwaruza kwa tupa hapo chini kabla ya kumimina, ili isije ikahesabiwa mara mbili. Sheria ya hoteli ilitaka chupa hizo, zikiisha, zivunjwe siku hiyohiyo na yeye asaini daftari la kuvunjia. Mwaka uliopita, shemeji alipomwoza binti yake, aliziomba sita za kuwekea maua. Chupa nzuri hivi zivunjwe? Pua alimpa, kisha akasaini kwamba zimevunjwa. Hakuiba kitu. Aliandika tu kwamba jambo limefanyika, nalo halikufanyika, na wengi wanaojiita waaminifu hujiruhusu hilo mara moja.

Simu ya meneja iliita, akatoka mlangoni kupokea. Shemeji alisogea.

"Mbona umenyamaza? Sisi ndugu bwana. Tukianza kupekuana, atabaki nani?"

"Yale maua," Pua aliuliza polepole, "yalinyauka lini?"

Shemeji alitazama boksi la chupa, kisha daftari lililoning'inia ukutani. "Saini mzee, twende tukale. Humu ndani kuna saini zako nyingi tu."

Meneja aliporudi, Pua alisema kwamba ameukataa mvinyo huo. Shemeji akacheka na kumwambia mama meneja amuonee huruma mzee wa watu, pua imekufa. Pua alimwomba meneja wabaki wawili tu, na mlango ulipofungwa, akachukua kidole cha yule mama, akakiingiza kwenye shimo la chupa, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wenye saini yake.

Alivunja chupa zote sita mbele ya meneja, akasaini upya chini ya saini ya uongo. Barua ya kumstaafisha ilichapwa kabla ya saa nane.

Akiwa bado nje ya geti la nyumbani alisikia harufu ya kitunguu, na ndani yake, karafuu moja. Pua ilikuwa nzima.

Mkewe alimpakulia bila kumtazama.

"Kaka amepiga simu. Anasema umemchoma."

"Nilijichoma mimi kwanza."

Mkewe alikaa, akazungusha kikombe chake. "Ila hata mimi nashangaa, baba. Ulijuaje?"

Pua alimega mkate. Mkewe hakuwahi kumuuliza habari za stoo, hata siku moja, na simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," alisema, akaendelea kula.