Uji wa Babu

Juzi nikiwa zamu getini, huku Al Baraha, ughaibuni, mdogo wangu Kendi alinipigia simu kutoka nyumbani. Ilikuwa siku ya kumchagua mbunge.

"Dada, umeshapiga kura," alisema. "Kituoni nimesikia karani akiita jina lako, na waliokuwa kwenye foleni wamesema umetoka sasa hivi."

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Jimbo letu limegawanywa na mto: juu milimani, kwetu, kuna chai na watu tele, chini bondeni kuna mawe na upepo. Lakini kila uchaguzi, kura za bondeni zilikuwa nyingi kuliko zetu. Alasiri hiyo mjomba alirudi kutoka kituoni, kidole kikinuka wino, akamwambia mama, "Wafu wa bondeni wameamka mapema. Hata baba yetu amepiga."

Babu tulikuwa tumemzika huko bondeni. Mimi niliamini, na nilijua watu hutoka kupiga kura wakiwa na njaa. Nikajaza kikombe uji, nikateremka, nikauweka kando ya kaburi. Upepo ulikuwa umekatika. Udongo ulinuka mvua, na mvua haikuwa imenyesha. Nilikimbia bila kugeuka. Kesho yake kikombe kilikuwa kitupu.

Siku hizi najua kura za wafu hupigwa na walio hai, na uji ule ulinywewa na mbwa.

"Mwambie mama niko salama," nilimwambia Kendi.



"Nimemwambia, dada. Lakini ameshakuwekea uji mlangoni."