Pua ya Hashiru

Hashiru aliipoteza pua yake Mkuza, kwenye nyumba ya watu, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua. Kazi yake ilikuwa kutunza bwawa dogo la maji moto ambalo Faraji, mwenye nyumba, alimjengea mama yake, Bi Biubwa, aliyesumbuliwa na magoti. Fundi aliyelifunga alimwelekeza mchana mmoja tu: chota maji kwenye kichupa, dondoshea dawa, tikisa. Yakigeuka waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, ongeza. Jambo moja alilitaja akiwa ameshafunga begi: klorini ikizidi mno huiunguza ile rangi, na maji hubaki meupe vilevile.

"Hapo utanusa mwenyewe," alisema, akaenda zake. Barakoa hakuacha, wala Faraji hakununua.

Miaka ikapita Hashiru akiinamia ndoo ya klorini kila asubuhi. Kilianza kikohozi, zikafuata kamasi zenye damu, kisha pua ikanyamaza. Siku moja, kwake Msimbu, alimaliza sahani nzima ya mchicha wa tui lililochacha, huku mkewe Sada akimtazama kwa hofu. Alimsihi asimwambie mtu. Mtunza maji asiyenusa ataajiriwa na nani?

Ndipo akaenda kumzika shangazi yake. Aliporudi Mkuza, alimkuta Bi Biubwa ameshajifunga kanga, ameketi barazani anamsubiri. Hashiru alichota maji, akadondoshea dawa, akatikisa. Meupe. Ama klorini imekwisha, ama mtu ameijaza yeye hayupo. Alimpigia Faraji, simu haikupokelewa. Aliinama mpaka ncha ya pua ikalowa. Hakupata kitu. Nyuma yake bibi alikuwa anavua ndara.

Angeweza kubahatisha. Badala yake alimwomba bibi asubiri kidogo, akamwita Stellamaris, mpishi, aje kumnusia.

"Yako umeisahau Msimbu?" Stellamaris alimtania, akaja anafuta mikono. Hata ukingoni hakufika. Alirudi nyuma akikohoa, machozi yanamtiririka.

Bi Biubwa alimtazama mpishi, kisha akamtazama Hashiru.

"Tangu lini, mwanangu?"

Hashiru alishindwa kumdanganya.

Ilikuja kujulikana kwamba aliyemwaga klorini ni Faraji mwenyewe, kopo juu ya kopo, akidhani wingi ndio usafi. Hakuna aliyemuuliza. Jioni ile mama yake, kwa moyo mweupe kabisa, alimwomba ampeleke Hashiru hospitali. Katika maneno yote ya mama yake, Faraji alisikia moja tu: hanusi. Alisema hawezi kumwachia mtu wa namna hiyo uhai wa mama yake. Bibi alilia, akabembeleza, wapi. Hashiru alitakiwa kumfundisha mtu mpya, Dulla wa Mlandizi, kisha afungashe.

Alimfundisha yote: kichupa, matone, rangi, na ule weupe unaodanganya. Mwisho alifunua ndoo. Dulla aligeuza uso haraka, akakohoa.

"Siku utakayoifunua hii bila kugeuza uso," Hashiru alimwambia, "ondoka siku hiyohiyo."

Dulla alicheka, macho yamemwiva. "Braza, haya mambo si ni kuzoea tu?"

Akachukua kopo, akainama.