Kosa Sifuri

Leo nimeaibika mbele ya majirani wote, hapa hapa kwetu Rumonge.

Programu yangu ya memwari, ile kazi ya kumalizia chuo, inakadiria integrali, yaani eneo chini ya mstari wa grafu, kwa kulikata vipande. Ukiongeza vipande, jibu linapaswa kukaribia lile la kweli.
Asubuhi kosa, yaani tofauti ya majibu hayo mawili, likatoka sifuri kamili!

Nikapiga kelele mpaka mama akaacha kuanika ndagala, akaita majirani waje kunipongeza.
Mimi huyo, nikampigia profesa anayenisimamia kwa video, wote wakiwa nyuma yangu.

"Jibu lako umelilinganisha na lipi?" akauliza.

Nikaangalia.
Nililinganisha jibu na lenyewe.

"Iko muzuri ao hapana?" mama akauliza.
"Iko karibu, mama."

Jirani mmoja akainamia simu: "Murakoze sana profesa, kwa kutusomeshea mutoto!"
Wakapiga makofi. Profesa akazima kamera, ila kicheko nilikisikia.

Chekeni na nyinyi, ruhusa ninatoa.