Nani Apalilie Karibu na Mwizi

Mwezi uliopita nilikuwa Kintinku, wanakijiji wakijipanga kupalilia mtama wa shamba la ujamaa. Jamaa mmoja aliyetoka gerezani kwa wizi wa ng'ombe aliposhika mstari wake, majirani zake wote walihama.

“Hatulimi na mwizi!” bwana mmoja alifoka.

Mama mmoja mzee alibeba jembe lake, akaja kushika mstari wa pembeni ya yule jamaa.

“Shikamoo, mama,” jamaa alisema, macho chini.

“Marahaba. Lima.” Kisha akamgeukia aliyefoka. “Ng'ombe wale walikuwa wangu. Nilimfuata hukohuko gerezani, tukayamaliza. Wewe umeibiwa nini?”

Bwana akainama, akapalilia kama anayekimbizwa na mvua.

Sasa nikisikia mtu anamfokea aliyemaliza kifungo, huuliza kwanza: ng'ombe walikuwa wa nani?